Pepeta Niliyoikaanga Chita

Wiki ya nne ya safari nilianza kuwachukia watu kwa sababu ya chakula. Hawakuwa wamenikosea kitu. Mama wa kibandani Morogoro, aliyenipakulia wali maharage na kuniongezea mchuzi bila kuombwa, nilimchukia. Muuza chipsi mayai wa Mikumi nilimchukia zaidi, maana alinikumbuka tangu jana yake na akauliza kama aniwekee kama kawaida. Safari ya begi mgongoni na mfuko mwepesi ina ubaya huo: unakula kinachoshibisha, siku baada ya siku, mpaka ulimi unasusa. Mimi ni mtu wa hasira za karibu hata nikiwa nimeshiba. Nikishikwa na hamu ya kitu sifai kukaa na watu.

Kitu chenyewe kilikuwa pepeta. Nimezaliwa Kenya, kwenye delta ya Mto Tana, kwa watu wa mpunga, na bibi yangu ndiye aliyenilea. Pepeta ni mpunga uliokatwa kabla haujaiva, ukakaangwa, ukatwangwa ungali moto mpaka punje zikalala bapa, laini, zenye rangi ya ukijani. Unachanganya na nazi iliyokunwa na sukari kidogo, basi. Umri wake ni siku chache tu. Ukiwahi, ndani ya punje unakuta maziwa. Ukichelewa, umeshakuwa mchele. Bibi alikuwa akipita shambani asubuhi, anabonyeza punje kwa ukucha, na suke lililofika umri analifunga kamba ya mgomba. Kisha anatutuma sisi wajukuu na kisu: penye kamba kateni, pasipo na kamba msiguse. Amri hiyo niliisikia kila mwaka mpaka nikawa na ndevu.

Sasa fikiria mtu kama huyo anaingia Bonde la Kilombero mwezi wa tano. Basi lilipita Kidatu, nikaona miwa na miwa tena, moyo ukatulia. Tulipozidi kushuka kuelekea Ifakara mpunga ukaanza kujitokeza, kulia na kushoto, mwingine wa dhahabu na mwingine bado wa kijani, na dirisha likaingiza harufu yake. Mate yalinijaa mpaka nikaona haya mbele ya jirani yangu wa kiti. Nilikuwa nchi ya watu, sina shamba, sina ndugu, na chakula changu kilikuwa kimesimama nje kwa maili na maili.

Ifakara nililala siku mbili, gesti ya Viwanja Sitini yenye godoro moja na mbu wengi. Nilizunguka sokoni nikiuliza pepeta. Wengine walinionyesha nyungo. Mwishowe nikafika kwa mzee mmoja mwenye duka la nafaka, kofia kichwani, ambaye ukoo wake ulitoka pwani kizazi cha babu yake. Nilipotaja pepeta aliacha kupima alichokuwa akipima. Tukaongea nusu saa, wagonjwa wawili wa ugonjwa mmoja. Aliniuzia nazi akanichagulia iliyo nzito. Nilipouliza wapi nitainunua pepeta yenyewe, akatikisa kichwa.

“Pepeta haiuzwi, mwanangu. Pepeta unapewa.”

Nilitoka pale nimeshika nazi na neno hilo, na nadhani neno ndilo lililoniponza. Kutoka kwake nilipanda basi la barabara ya Mlimba nikashuka Chita, ningoje treni ya kunipeleka Mbeya, halafu Malawi. Treni ingepita baada ya siku mbili. Karibu na stesheni kulikuwa na mama wa makamo akiuza ndizi mbivu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamuuliza wapi naweza kusimamisha hema langu bila kumuudhi mtu. Aliliangalia lile furushi la hema, akauliza kama nyumba zimeisha Chita nzima. Jioni hiyo nilikuwa kwake, kwenye chumba cha kuwekea magunia, nimeandaliwa mkeka na chandarua. Aliishi peke yake. Watoto wake walikuwa mbali na kazi zao, na nadhani alifurahi kupata mtu wa kumwuliza kama amekula.

“Jisikie uko kwenu,” aliniambia. “Ukitaka kitu usiniulize, chukua.”

Siku ya pili nikaenda kutembea shambani kwake, nyuma ya nyumba, upande ambao milima ya Udzungwa inakaa mgongoni na mbuga iko mbele. Mpunga wake ulikuwa mzuri, umeanza kuinama. Mwisho kabisa wa shamba, kwenye kona iliyoinuka kidogo, nikaona masuke marefu kuliko mengine, na kila moja limefungwa kamba ya mgomba.

Nilisimama pale nikicheka peke yangu. Nikabonyeza punje kwa ukucha. Umri wake ulikuwa ule ule, siku ile ile, kama mtu aliyepanga. Nikasema kumbe na hawa wanafunga, kumbe mto ni mto na bibi ni bibi. Haikunijia hata mara moja kwamba kamba inaweza kuwa na maana nyingine. Kwetu haina.

Nilitaka kumwambia usiku ule, tukiwa tunakula. Lakini aliniambia kwamba alfajiri anakwenda Ifakara, kliniki ya presha, na atarudi jioni, huenda asinikute maana treni yangu ilikuwa inapita saa kumi. Nikapata wazo ambalo niliona ni zuri sana. Nitamtengenezea pepeta. Aje aikute imefunikwa, na nazi yake pembeni, na mimi nimeshaondoka. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mimi sikungoja kupewa. Alipoondoka nilifagia uwanja, nikachota maji nikajaza ndoo zote, nikaosha vyombo mpaka vilivyokuwa visafi. Halafu nikachukua kisu.

Nilikata penye kamba. Niliacha kama theluthi, si kwa busara, ni kwa sababu kikapu kilijaa. Kamba nilizifungua jikoni nikazitupa karibu na mafiga. Nikapukuchua punje, nikawasha moto, nikaweka kikaango, na zilipoanza kupasukapasuka harufu ilipanda ikanikaa kooni. Hapo lazima niseme ukweli. Katika safari yote ile, pamoja na milima na maji na machweo niliyoyapiga picha, sikuwahi kuwa na furaha kama nilivyokuwa pale mbele ya lile jiko la mtu.

Jirani aliifuata harufu. Alikuwa dada wa umri wangu, nyumba ya tatu kutoka pale, aliyekuwa amenisalimia mara mbili tatu. Alisimama mlangoni akaniuliza kama nimeolewa, maana aliona mwanaume na mwiko na mchi. Nikamjibu kwamba mahari imeshalipwa. Akacheka, akachukua mchi wa pili bila kukaribishwa, kwa sababu pepeta haingoji, ikipoa inakuwa mawe. Tukatwanga kwa zamu, wangu ukishuka wake unapanda, na tuliielewa kazi ile bila kuelekezana. Tukapepeta mkupuo wa kwanza kwenye ungo. Nikarudisha kikaango motoni kwa mkupuo wa pili.

Aliinama kusukuma kuni. Akaokota kitu, akakiangalia mwangani.

“Hizi kamba umezitoa wapi?”

Nikamweleza, tena kwa majivuno. Nikamwambia na kwetu tunafunga hivyo hivyo. Aliusimamisha mchi ukutani taratibu, akakaa chini kwenye udongo na kanga yake safi. Hakunipigia kelele.

Alichonieleza nakiweka kwa kifupi. Miaka mitatu nyuma mafuriko yaliingia ghala la mama yule yakachukua magunia yote, na ndani ya gunia moja ilikuwamo mbegu ya marehemu mama yake, mpunga wa zamani ambao hapo kijijini hakuna mwingine aliyekuwa nao tena. Maji yalipokauka, kwenye kona ile ya juu ikaota mashina machache yenye masuke marefu. Akaamini ndiyo mbegu ile. Msimu wa kwanza akavuna kiasi cha kiganja, akapanda chote. Msimu wa pili, bakuli, akapanda chote. Mwaka huu alikuwa akipita na kamba, akichagua suke kwa suke lililofanana na la mama yake, ili hayo yakomae, avune kwanza, na mwakani apande eneo la kutosha. Ng'ombe walipoingia mashambani mwaka jana alisimama kwenye ile kona tangu asubuhi mpaka jioni na fimbo. Watoto wote wa kijiji walijua kwamba penye kamba hapaguswi.

Nilikivuta kikaango motoni nikaunguza vidole. Haikusaidia. Punje iliyoonja moto haioti, hilo nalijua tangu utotoni. Kilichobaki kilikuwa masuke ya chini ya kikapu, ambayo sikuwa nimeyapukuchua, pamoja na yale niliyoyaacha shambani. Zaidi ya nusu ya miaka mitatu ya mtu ilikuwa mbele yangu, imekaangwa vizuri.

Nikauliza tumpigie simu. Jirani akasema mtu mwenye presha humwambii jambo kama hilo akiwa kwenye basi. Kisha, kama mtu anayejisemea, akaniambia kwamba wengine kijijini hawakuamini kuwa mpunga ule ndio. Walisema ni mchanganyiko tu, mafuriko yanaleta kila takataka. Harufu ndiyo ingesema, na mama yule hajawahi kupika hata punje moja, kila punje anairudisha ardhini.

Nililidaka neno hilo kwa mikono miwili. Kama siyo, basi sijaharibu kitu. Nimekata mpunga wa kawaida kwenye shamba lenye mpunga wa kawaida, nitaomba radhi, tutacheka. Nikanusa vidole vyangu. Vilinukia vizuri mno, na nikajilazimisha kufikiri kwamba ni hamu tu, kwamba mwenye njaa kila kitu kinamnukia.

“Treni yako inapita saa kumi,” jirani aliniambia akiinuka. “Wewe nenda. Nitamwambia mimi.”

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekupunguzia mzigo, na ndiyo maana ilinichoma. Kisha akaenda kuwaangalia watoto wake, akaniacha na ungo, kikapu na begi langu.

Sijivunii saa mbili zilizofuata. Nilifunga begi. Nilikunja mkeka na chandarua nikaviweka vizuri, kana kwamba hilo lingehesabika. Niliandika barua kwenye karatasi ya daftari, nikaichana, nikaandika nyingine fupi zaidi, nikaichana. Nilijiambia kwamba nikibaki nitamwongezea uchungu tu, kwamba presha ni kitu cha hatari, kwamba habari mbaya ni afadhali aipate kwa mtu anayemjua. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Nilikuwa naogopa uso wake, hicho ndicho kilikuwa chini ya zote. Nikavaa begi nikatoka.

Nilikuwa nimeshavuka barabara, naona watu wamekaa juu ya mizigo yao stesheni, nilipokumbuka kwamba sikuufunika ungo. Kuku wake walikuwa nje. Nikawaona kwa macho ya moyo wamepanda jikoni wanadonoa. Ningependa kusema kwamba dhamiri ndiyo iliyonigeuza, lakini walikuwa ni hao kuku. Nilirudi mbio, begi linanipiga kiunoni, nikamkuta jogoo mlangoni akipiga hesabu zake. Nikamfukuza, nikaufunika ungo kwa kanga, juu yake nikaweka sinia. Nilipoinua kichwa niliyaona tena yale masuke kwenye kikapu, mabichi, yameinama upande mmoja, na nikalivua begi. Nikakaa kwenye kigoda. Treni ilipiga honi, ikasimama muda wake, ikaondoka. Niliisikiliza mpaka mwisho.

Alirudi jua likiwa bado halijagusa milima, nyuma ya pikipiki, mfuko wa dawa mkono mmoja na mkate mkono mwingine. Mkate ulikuwa wangu. Alifikiri huenda nimekosa treni, na mtu hasafiri na tumbo tupu. Alikuwa na furaha. Presha ilikuwa imeshuka na daktari alikuwa amemsifu. Alinieleza haya yote akiwa anavua viatu, na mimi nimesimama mbele yake kama mwizi wa kuku, sijui nimkatize wapi.

“Mama,” nikasema, “nimekata masuke yako ya mbegu. Nimeyakaanga pepeta.”

Aliniangalia, bado ameshika kiatu.

“Ya kamba?”

“Ya kamba.”

Nikaanza kueleza habari za bibi yangu, na kwetu, na mto Tana, lakini hakuwa akinisikiliza tena. Alikishusha kiatu chini, akakiweka sambamba na mwenzake, akaenda shambani miguu mitupu. Sikumfuata. Jirani alikuwa amekuja, akasimama kwenye kona ya nyumba mikono kifuani, na sisi wawili tukamtazama akiwa mdogo kule mwisho wa shamba, akiinama na kuinuka. Alikaa muda mrefu. Kila alipoinama niliogopa kwamba hatainuka.

Aliporudi alipita karibu yangu akaingia jikoni. Alitoa masuke mabichi kwenye kikapu, moja moja, akayapanga yaelekee upande mmoja, akayafunga, akapanda juu ya kigoda akayaning'iniza juu ya jiko, mahali moshi unapopita. Nilitaka kumshikia kile kigoda na nikaogopa. Bado ni machanga, alimwambia jirani, si mimi. Yakiota mwakani yameota.

Kisha akakaa. Akafumba macho kidogo, akapumua kama walivyomfundisha kliniki, nadhani, maana alikuwa akihesabu kwa midomo. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kupelekwa kwa mtendaji wa kijiji, na kwa kweli ningeshukuru.

“Lete hiyo pepeta,” alisema.

Niliuleta ungo nikapiga goti mbele yake, nikaondoa sinia na kanga. Ilikuwa imepoa na imeanza kukaza. Sikuthubutu kutaja nazi. Aliiangalia bila kuigusa, mikono mapajani, na nikaona kwamba naye anaogopa, na ndipo nilipofahamu tulipofika. Miaka mitatu alikuwa akijinyima ladha ile ile niliyokuwa nikiitamani safari nzima, na katika miaka hiyo yote hakuwa na hakika kama anachokilinda ndicho. Sasa kilikuwa mbele yake kimepikwa, na hakukuwa na pa kukimbilia.

Nikamwomba Mungu isiwe yenyewe. Nilimwomba kwa bidii ambayo sijawahi kumwombea mtu mgonjwa. Nilitaka ateme, aseme ni mpunga wa kawaida huu, niwe nimeiba kitu kidogo.

Alichota kwa vidole vitatu akatia mdomoni. Alitafuna polepole, akiangalia mlangoni, na taya zikasimama. Hakumeza mara moja. Machozi yalimtoka bila uso kubadilika, yakashuka mpaka kidevuni, na hakuyafuta.

“Ndio wenyewe,” alisema.

Jirani aligeuka akaangalia ukuta. Mimi nilibaki nimepiga goti, nimeshika ukingo wa ungo, nikijua sasa kwa hakika ni nini nilichokikaanga, na yeye akijua.

Akachota tena. Safari hii kwa kiganja kizima.